Sehemu Aliyosema Ni Tupu

Nasra mwanangu,

Sikupi salamu, maana uko chumba cha pili na ninakusikia unavyohangaika na zipu ya begi. Ungelinunua begi dukani, kama nilivyokuambia, na si kwa yule muuzaji wa pale kwenye robot, kwenye taa za barabarani, zipu isingekutesa. Haya, nimenyamaza. Nimekaa kuandika, sikukaa kugomba.

Nakuandikia kwa Kiswahili makusudi. Nikisema nawe unanielewa, kisha unanijibu kwa Kiingereza, na ukikasirika unaingia kwenye Kizulu ili nisikushike vizuri. Barua haijibiwi papo hapo. Utaisoma ndani ya basi la Durban, polepole, midomo ikichezacheza, na ukikwama utarudia mstari.

Habari za kula, kulala na kufunga mlango siandiki. Unazijua. Huyo mwenye nyumba wako aliyekubali haraka haraka bila kukuuliza hata swali moja simwamini hata kidogo, lakini nimesema siandiki, basi siandiki. Nataka kukuambia juu ya kazi unayokwenda kuifanya, kwa sababu ndiyo kazi yangu, na ndani yake nilifanya kosa ambalo wewe ulisikia nusu yake tu. Nusu uliyoisikia ni ile niliyokuwa nikiisimulia mwenyewe.

Lakini kwanza nikuambie nilivyojua kwamba unaondoka. Nilijua nikiwa nasukwa.

Nilikuwa Bertrams, kwa Mama Furaha, mke wa Papa Déo. Kichwa changu kimo mikononi mwake, ananivuta nywele mpaka macho yanatoka machozi, akasema, "Kumbe Nasra anatuacha! Tutamkosa sana huyu mtoto." Nikajitia najua. Nikasema, "Ehe, ndiyo hivyo, watoto wanakua." Mwanangu anahama mji na mimi nasikia kwa msusi! Naye akaendelea, hana habari, "Déo ndiye alimwonyesha ile kazi. Alimwandikia na barua ya kumsifu."

Hapo machale yakanicheza. Papa Déo? Kati ya watu wote wa Johannesburg, Papa Déo ndiye anamtafutia mwanangu kazi ya mbali? Nikalipa, nikatoka na nywele hazijamalizika kusukwa nyuma, na njia nzima mpaka nyumbani Kensington nilikuwa nawaza neno moja tu: huyu mtu analipiza.

Ili uelewe kwa nini niliwaza hivyo, lazima nirudi nyuma, mwaka 2015, ule mgao wa umeme ulipotukaba.

Ofisi yetu ya Braamfontein unaikumbuka, ulikuwa ukipita pale ukitoka shule ukanisubiri. Unajua tulichokuwa tunakitunza: mashine pepe za wateja, kompyuta zisizo na kasha lake zenyewe, zinaishi nyingi pamoja ndani ya seva moja kubwa. Siku ile mtaa wetu ulikuwa kwenye zamu ya kukatiwa mchana. Jenereta ilikuwa mbovu. Fundi alikuwa ameahidi kuja na hakuja, na mafundi wa jenereta siwaamini tangu hapo. Tulikuwa na betri peke yake, na betri haina subira. Kwa hiyo ilikuwa lazima tuzihamishe mashine za wateja kabla betri hazijaisha, zikiwa zinafanya kazi vilevile, kwenda kwenye seva zetu za jengo jingine ambako umeme ulikuwapo.

Papa Déo alikuwa injinia wa kampuni ya walinzi. Wengi wa walinzi wao ni watu wa kwetu huku, Wakongo, Warundi, Watanzania wawili watatu. Kila mlinzi alikuwa na kitufe. Akivamiwa anakibonyeza, mashine ya Papa Déo inaonyesha yuko geti gani, gari linakwenda. Mashine yenyewe iliishi kwetu.

Akanipigia simu. "Mama Nasra, mashine yangu usiibebe yote. Ile memori ni kubwa, lakini ndani mule hamuna kitu. Ni kidogo tu inatumika. Jaza puto, tafadhali, itatoka mbio."

Puto utalikuta huko, ingawa vijana wa siku hizi wanalidharau. Mashine ikitumia memori kisha ikamaliza, haifuti. Inajiandikia tu kwamba hapa pana nafasi, na makapi yake yanabaki palepale. Seva iliyoibeba haijui lolote. Yenyewe inaona kila mahali pana kitu, na ukiiambia ihamishe, inazoa yote, yenye maana na makapi. Ndiyo maana tunaweka puto ndani ya mashine. Linavimba, linakalia zile sehemu ambazo mashine yenyewe imesema haizihitaji, na seva inajua hizo iziache. Mashine ikitaka nafasi yake, puto linanywea. Ukilijaza kupita kiasi unaikaba mashine, hiyo ni kweli, na ndicho kisingizio nilichokishika baadaye.

Lakini siku ile sikuwaza kukaba. Siku ile niliwaza: kwa nini anasisitiza? Huyu huyu Déo ndiye aliyekuja kwetu akaomba memori kubwa, akasaini, akataka na kuongezewa. Leo anasema tupu. Nani anapanga nyumba ya vyumba vingi halafu analala sebuleni? Hapa pana kitu. Ama anaficha kitu asichotaka kipite kwenye mitambo yetu, ama anatega, tukiacha sehemu aseme tumempotezea data. Nikamwambia, "Papa Déo, juzi uliniambia unahitaji yote. Nimwamini yupi, wewe wa juzi au wewe wa leo?"

Akasema, "Yote mawili ni mimi, Mama."

Sikujaza puto. Na nikafanya jambo baya zaidi ambalo hakuna aliyeniambia nilifanye. Kabla ya kuihamisha, niliipiga mashine yake picha, picha kamili, pamoja na memori yote, nikaihifadhi kwenye diski. Nilitaka ushahidi. Nilisema moyoni, akija kudai, nitamwekea mezani. Picha ya namna hiyo inaandika kila kilichomo, na makapi pia, na ile memori ilikuwa kubwa kweli kweli. Diski ikaandika, ikaandika. Betri inashuka. Ilipomaliza ndipo nikaanza kuhamisha, nayo ikaanza kuzoa upya kila kitu kupitia waya, na wakati huohuo mashine inafanya kazi, inaandika mapya, na kila kilichoandikwa upya lazima kibebwe tena. Nilikuwa naangalia ule mstari wa kijani unavyotambaa huku nikisoma Ayatul Kursi, na betri zikazimika ukiwa njiani.

Mashine za wateja wengine wote zilikuwa zimeshavuka. Ya Papa Déo ikafa palepale.

Umeme uliporudi tuliiwasha, ikaamka, nikashusha pumzi. Jioni ndipo tukasikia. Mlinzi mmoja, mtu mzima wa Burundi, alikuwa kwenye ghala moja huko mashariki. Wezi nao wanaijua ratiba ya mgao kama sisi. Akabonyeza kitufe, akabonyeza, akabonyeza. Walimvunja mkono na kumwacha chini, akaokotwa na mpita njia. Alhamdulillahi hakufa. Lakini mkono ule haukupona sawasawa.

Bosi wetu aliandika kwamba mashine ya mteja ilikuwa kubwa mno kuhamishika. Haikuwa uongo, ndiyo maana ilikuwa tamu kuikubali. Kampuni ya walinzi ikamfukuza Papa Déo kwa kuomba memori asiyoihitaji. Mimi nikanyamaza. Nikakuambia wewe kwamba mama yako aliokoa mashine zote isipokuwa moja ya Mkongo fulani mjuaji. Hiyo ndiyo nusu uliyoisikia.

Na ile picha niliifungua, Nasra. Usidhani niliiacha. Nilikaa siku nzima ya mapumziko nikaichimbua, nikitafuta alichokuwa anaficha, kwa sababu kama angekuwa anaficha kitu mimi ningekuwa nimepona. Unajua nilikuta nini? Mageti. Picha za kamera za mageti, mamia, za zamani, alizokwisha zitupa. Kumbe kila mwanzo wa wiki mashine yake ilipakia picha za kamera zote kuzichambua, ndipo ilihitaji ile memori yote. Siku nyingine zote ilikuwa haina kazi nayo. Wa juzi alisema kweli, na wa leo alisema kweli. Nilikaa mbele ya yale mageti nikalia mpaka nikachoka.

Nilikwenda kuomba msamaha, nikiwa nimechelewa sana, wakati ameshapata kazi nyingine ndogo ya kutengeneza simu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nilikuambia mule hamuna kitu. Juu ya nini haukuniitika, haukuniamini?" Akanikaribisha chai. Mkewe akawa msusi wangu, na mimi nikawa naenda kila mwezi na huku nachunguza usoni mwao kama wamenisamehe kweli au wananipiga chenga. Tabia haiachi, unaona? Mtu ananipa chai, mimi naangalia kikombe.

Sasa nije kwetu mimi na wewe. Hili ndilo limenitoa jasho tangu nianze kuandika.

Mwaka uleule, tulikuwa bado tunakaa Troyeville. Kila jioni nilikuuliza habari za shule, nawe unasema shule nzuri. Jioni moja ukaja jikoni, nakata vitunguu, ukasema, "Ma, wananiita makwerekwere, lile tusi la wageni. Wananimwagia maji kwenye begi. Imekuwa muda." Na mimi, badala ya kutupa kisu nikakushika, nilikugeukia nikasema, "Jana ulisema shule nzuri. Nani muongo, wewe wa jana au wewe wa leo?"

Wallahi nilisema hivyo. Karibu maneno yaleyale niliyomwambia Papa Déo, mdomo uleule. Sidhani nilikuwa nakuchukia au sikukuamini kuhusu maji. Nadhani nilipata hofu, na mimi nikiogopa naanza kuhoji. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa akisema ningefaa uhamiaji, dirishani, mwenye mhuri.

Ulinitazama, ukasema, "Never mind, Ma," ukaenda kuoga. Tangu siku ile umekuwa mtu wa jibu moja, sharp, yaani safi. Shule? Sharp. Chuo? Sharp. Yule mvulana wa mwaka wa pili aliyekuwa anakuleta mpaka getini kisha akapotea ghafla? Sharp, Ma. Nikasema mwanangu amekua, hana matatizo. Kisha nikawa sikuamini hiyo sharp, nikawa napekua. Simu yako nimeishika, ndiyo. Begi lako nimelipapasa. Sikukuta kitu, na kutokukuta kukanitia wasiwasi zaidi.

Kwa hiyo nilipotoka salon siku ile na nywele nusu, nilikaa siku mbili nikivimba, kisha nikarudi Bertrams kupigana. Nikamkuta Papa Déo mwenyewe ameketi na sahani ya fufu, mkewe anamsuka mteja. Sikuketi. Nikasema, "Papa Déo, kama una deni na mimi, nidai mimi. Mwanangu muache."

Aliweka tonge chini. Alishangaa kweli, na mimi nilimkazia macho nione kama mshangao huo ni wa kuigiza. "Deni gani, Mama Nasra? Mtoto alikuja mwenyewe. Amekuja hapa miaka."

Miaka! Mimi ninayepekua begi sikuwa na habari.

Mama Furaha hakuacha hata kusuka. Akasema bila kunitazama, "Anakuja anakaa pale. Leo anasema anataka kwenda Durban, kesho anasema hataki, kesho kutwa analia, halafu anacheka. Sisi tunamwachia. Ni mtoto, na hapa si polisi."

Yule mteja aliyekuwa anasukwa akainama, akajifanya anatazama simu. Aibu niliyoiona pale siwezi kukueleza. Nikaketi. Papa Déo akamwambia mkewe aniletee sahani, nami nikala fufu nikiwa na hasira, na hakuna aliyenisemesha mpaka nilipomaliza. Ilikuwa nzuri, hiyo fufu, nasema kweli.

Nilipokuwa naondoka alinisindikiza mpaka barabarani. Mimi nikashindwa kujizuia nikamuuliza jambo la kazi, maana la moyoni lilikataa kutoka. Nikamuuliza ile njia mpya, ile waliyoitoa juzijuzi ambapo mashine ya ndani inaiambia seva yenyewe kurasa zipi za memori ni tupu, na seva inaziruka. Nikasema mimi siiamini. Mashine inasema ukurasa huu mtupu, seva inauacha, halafu sekunde hiyohiyo mashine inaandika kitu hapohapo. Si umepotea?

Akacheka, ndiyo mara ya kwanza nimsikie akicheka na mimi. "Haupotei. Ikiandika tena, ukurasa unapigwa alama, unabebwa kwenye mzunguko unaofuata. Kusema ni tupu si kiapo, Mama Nasra. Ni habari ya saa ile tu."

Nilipanda basi nikiwa nayo hiyo kichwani, na nimekaa nayo tangu siku ile. Nimeijaribu kazini, kwa mashine isiyo na mteja, kwanza, maana ni mimi. Nikaiambia iseme palipo tupu, nikaihamisha, na nikiwa naihamisha nikaichokoza iandike hovyo kila mahali palipokuwa patupu, makusudi, niifumanie. Haikupoteza hata herufi. Ilisema tupu, ikabadilika, ikasema tena, na seva ikabeba bila kuuliza mbona mwanzo ulisema vingine. Nilirudia mpaka mlinzi wa jengo akaja kuniuliza kama siendi nyumbani.

Kwa hiyo huko Durban, ukikabidhiwa mashine za watu, fanya hivi. Mteja akikuambia sehemu fulani ni tupu, mwamini, uiruke, lakini uhakikishe alama zinafanya kazi kabla ya kuanza. Puto usilijaze mpaka mwisho, iachie mashine pa kupumulia. Picha yenye memori usiipige bila sababu, na ukiipiga usiiache ikizagaa, kwa sababu imebeba na vile ambavyo mwenyewe alikwisha vitupa, na mtu ana haki ya kutupa. Hilo la mwisho nimelijifunza kwa kupekua makapi ya mtu mwaminifu.

Na sisi wawili? Mimi siwezi kukuahidi kwamba nitaacha kushuku. Nitakuwa muongo, nawe utanijua. Hata sasa namshuku dereva wa basi ambaye sijamwona. Ninachoomba ni kitu kidogo. Uniambie la siku hiyo. Ukinipigia Jumatatu ukasema uko vizuri, nitalichukua hivyo, nitalala. Ukipiga Jumanne ukasema uliumia, sitakurudisha Jumatatu. Nimekukosa miaka yote hii ukiwa chumba cha pili, Nasra, na sitaki kukukosa na huko.

Nilikuwa nimefika hapo, nataka kuandika jina langu nifunge, ukaingia. Umevaa ile kanga yangu kuukuu, umesimama mlangoni, unaangalia vidole vya miguu. Ukasema, tena kwa Kiswahili, "Mama, naogopa. Nafikiri sitaki kwenda."

Sasa hivi umeshalala, nimekufunika. Wewe ulichokisikia kutoka kwangu ni "Hata mimi naogopa, njoo," na nikakusogezea mto, ukalia kidogo, ukaniambia mambo ya huyo mvulana, ukasema asubuhi utaona kama utakwenda au la, na nikasema sawa. Usichokisikia ni kile kilichonifika mpaka kwenye meno, kwamba mezani jioni hii, tunakula, ulisema una furaha ya kwenda. Kilikuwa hapo, kimeshavaa viatu. Nimekimeza, na kimeshuka.

Mama yako